Maji Yaliyo Njiani: Kumuaga Mwalimu Mahlagha Mirjalili

Mwezi wa Bahman, katikati ya mwaka wa masomo, shule yetu ya wasichana hapa Yazd ilipoteza saa ya maswali ya Jumatatu. Tarehe mosi Mehr, shule zinapofunguliwa, inampoteza na mwenye saa hiyo. Siku hiyo Mwalimu Mahlagha Mirjalili anastaafu rasmi, akiwa ametimiza miaka thelathini ya kufundisha hisabati, yote ndani ya jengo hili hili. Kustaafu ni haki yake na tunamshangilia. Kufutwa kwa saa yake hakukuwa haki ya mtu yeyote, na kwa kuwa walimu wenzangu wamenikabidhi mimi kazi ya kuandika wasifu wa hafla hii, nitayaandika yote mawili.

Mwalimu Mahlagha ni binti wa mchimba kanati, mifereji ile ya chini kwa chini inayotuletea maji kutoka milimani. Baba yake, Usta Heydar, alikuwa akishuka kazini amevaa nguo nyeupe kama wachimbaji wenzake wote, ili udongo ukiamua kumbakiza, awe amekwisha kuvaa sanda. Mahlagha alikuwa na umri wa miaka tisa siku udongo ulipoamua hivyo. Hakupatikana. Kanati yenyewe ndiyo hii inayopita chini ya shule yetu. Alipomaliza chuo cha ualimu alipewa nafasi Tehran, akaikataa, akaomba kuletwa hapa. Waliojua habari zake walitazamana, wakatia muhuri.

Alikuta hisabati inafundishwa kama dawa: kanuni moja, kijiko kimoja, mazoezi ishirini yanayofanana, kesho tena. Wasichana walikuwa wanapata alama na hawajui wamezipataje. Akaomba saa moja tu kwa wiki. Mkuu wa wakati ule alimuuliza angeitumia katika darasa gani, naye akaonyesha mlango wa mbao ulioko pembeni ya ua, wa ngazi iendayo kwenye maji.

Wageni wetu wa leo wengi hawajawahi kushuka. Ni ngazi ya matofali, na kila unapoteremka joto la Yazd linabaki nyuma yako. Chini kuna chumba kidogo chenye dari la kuba. Maji yanatoka kwenye tundu jeusi upande mmoja, yanakatiza miguuni pako, yanaingia kwenye tundu jeusi upande wa pili. Kuna hodhi la jiwe ubavuni. Hapo ndipo alipokuwa akiliweka bakuli la shaba lenye kitundu kitakoni, aina ile waliyokuwa wakigawia zamu za maji wazee wetu. Linaelea, linaingia maji kidogo kidogo, mwishowe linazama na kugonga jiwe. Huchukua dakika kumi na moja hivi.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wa kuogofya. Anatoa swali moja. Mpaka bakuli ligonge, hakuna anayefungua mdomo, na yeye mwenyewe hafungui. Mnakaa gizani nusu, mnasikia maji na pumzi zenu. Likigonga, semeni mtakacho. Majibu yaliyokosewa yanaandikwa kwa chaki juu ya matofali na hayafutwi, kwa sababu, alivyokuwa akisema, mtu hawezi kujua njia iliyonyooka kama hajui alipopinda. Wasichana wa mwaka wa kwanza walikuwa wakilia wakishushwa. Wa mwaka wa tatu walikuwa wakilia wakikosa kushushwa. Nimewahi kumkuta binti amejificha nyuma ya birika kubwa la chai la shule ili asiende kwa daktari wa meno siku ya Jumatatu.

Swali lililomletea jina ni la bustani mbili. Ya kwanza iko pale pale kwenye lango la maji. Ya pili iko mwisho wa mfereji, na maji huchukua robo bakuli kuifikia. Kila mwenye bustani anafunguliwa lango kwa muda wa bakuli moja. Je, wamepata sawa? Kila mwaka wasichana hukosea vilevile, na ni kosa la watu wa Yazd hasa, kwa kuwa hakuna mtoto hapa asiye na babu aliyegombea maji. Wote hudai yule wa mbali afidiwe robo. "Anaonewa, Mwalimu! Robo nzima anakodolea macho mchanga mkavu!" Hapo Mwalimu Mahlagha hutabasamu kidogo na kuandika jibu lao ukutani, likae.

Mwaka huu aliyewageuza ni Tuba, msichana ambaye darasani kwangu husinzia tangu kengele hadi kengele. Bakuli lilipogonga, alisema, "Na lango likishafungwa, yale yaliyo njiani yanakwenda kwa nani?" Yanakwenda kwake huyo huyo wa mbali. Robo aliyoingoja mwanzo analipwa mwisho. Ukimwongezea nyingine, umemwibia jirani yake.

"Kumbe wewe Tuba hulali," wakamtania. "Unaelea tu kama bakuli."

"Nyie mmeshazama kitambo, hata kugonga hatukusikia," akawajibu. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Lakini mfereji ni mkavu. Ardhi nayo inakunywa njiani. Alichopungukiwa huyo wa mbali, ilichokunywa ardhi, ni zamu ya nani?"

Kengele ya shule ikalia. Mwalimu akasema, "Jumatatu ijayo."

Hapakuwa na Jumatatu ijayo. Wiki hiyo hiyo mkuu wetu, Bi Ezzat Golshan, alitia kufuli kwenye mlango wa ngazi. Alisema vidato vinateleza, jambo ambalo ni kweli, na kwamba wazazi wanalalamika mtihani wa kuingia chuo kikuu hauna bakuli bali una majibu manne ya kuchagua, jambo ambalo pia ni kweli. Saa ya Jumatatu akapewa Bi Laleh kwa mazoezi ya mtihani. Bi Laleh ni mwenzetu mwema na mwepesi: "Jibu la tatu, songa mbele! La kwanza, songa!" Mimi nilipiga hesabu mwisho wa mwaka. Kwa maswali waliyokwisha kuyaona, wastani ulipanda kutoka kumi na tatu hadi kumi na tano kati ya ishirini. Kwa maswali mapya, ulishuka kutoka kumi na mbili hadi saba. Nimempelekea Bi Ezzat tarakimu hizo. Alisifu mwandiko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mwalimu aliyeketi hapa analijua na hakuna aliyekubali kuliandika.

Jumatatu ya kwanza baada ya kufuli, saa nne asubuhi, Bi Laleh akiwa kwenye swali la saba, sakafu ya darasa ililia. Mlio mmoja, wa shaba juu ya jiwe. Mimi nilikuwa darasa la jirani na niliusikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Bi Laleh anasema wasichana wote waliweka kalamu chini kwa pamoja. Hawakushtuka. Walianza kuzungumza, kwa sababu hivyo ndivyo walivyozoea, bakuli likigonga unasema. Tuba akanyoosha mkono akauliza tena: ilichokunywa ardhi ni zamu ya nani? Wakabishana mpaka saa ikaisha, na Bi Laleh, kwa maneno yake mwenyewe, alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi na kusikiliza.

Mwalimu Mahlagha wakati huo alikuwa uani, mbele ya macho yetu, akichunga wasichana wa mwaka wa kwanza.

Niliingia kazi hii nikitoka kwenye mtambo wa kufuma, nikasoma madarasa ya jioni, kwa hiyo kitu sikiamini mpaka nikishike. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Ezzat. Bakuli, alilolichukua siku ya kufuli, lilikuwa ndani ya kabati lake la vioo, limefunikwa kifudifudi, kabati limefungwa. Akanifungulia. Nililipapasa. Lilikuwa kavu, ila lina baridi kama kitu kilichotolewa majini sasa hivi, na ofisi ile ina joto la kuumulia mkate.

"Ni mabomba," Bi Ezzat akasema.

"Chini ya darasa lile hakuna bomba."

"Basi panya."

"Panya anayejua Jumatatu, Bi Ezzat? Tena saa nne?"

Akalifunga kabati tena. Jumatatu ya pili likagonga. Ya tatu likagonga. Wasichana wakawa wanamaliza mazoezi ya Bi Laleh haraka haraka kabla ya saa nne, kisha wanakaa wametulia, mikono mezani, wanangoja. Ukipita nje ya darasa lile ungedhani halina mtu.

Jumatatu ya nne, tulishuka wawili, Bi Ezzat na mimi, mchana kweupe, yeye na ufunguo, mimi na taa. Chini palikuwa kama tulivyopaacha. Majibu yaliyokosewa yalikuwa kwenye matofali, robo za fidia zimejipanga. Hodhi halikuwa na bakuli, maji yake yametulia. Nikaanza kusema kwamba nilijua, hakuna kitu. Ndipo kishindo kikasikika. Hakikutoka hodhini. Kilitoka ndani ya tundu jeusi, upande yanakotoka maji, mbali, na kilikuwa kizito kuliko bakuli. Kama chuma juu ya mwamba. Kikanyamaza, kama mtu aliyesimama kusikiliza kama atajibiwa. Bi Ezzat, ambaye sijawahi kumwona akishika hata mkono wa mjukuu wake, alikamata shungi yangu. Tulipanda ngazi ile kama wasichana.

Mwalimu Mahlagha alikuwa amesimama mlangoni juu. Tulimweleza, tukikatizana.

"Mlinyamaza mpaka mwisho?" akauliza.

Tukakiri tumekimbia.

"Basi hamjasikia kitu," akasema, na wala hakuwa anatucheka. Ndipo akatueleza, kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua, jinsi baba yake alivyokuwa akifanya kazi. Wachimbaji wawili wanashuka visima viwili na kuchimba kuelekeana gizani. Wakikosea kidogo tu, wanapishana na kila mmoja anachimba kwenda kusikojulikana. Kwa hiyo kila baada ya muda wanaacha sururu, wanagonga mwamba, wanakaa kimya, kila mmoja akisikiliza mwenzake yuko upande gani. "Anayeongea muda ule," akasema, "anampoteza mwenzake."

Bi Ezzat alimuuliza kwa sauti ndogo inawezekanaje, na saa yenyewe imekwisha kufungwa. Mwalimu Mahlagha akamtazama kama anavyomtazama msichana aliyekaribia jibu. "Lango umelifunga, Bi Ezzat. Yaliyo njiani umeyahesabu?"

Bi Ezzat aliahidi pale pale mlangoni, mbele yangu, kwamba atatoa uamuzi juu ya saa ya Jumatatu. Kwanza ikawa baada ya Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya. Halafu baada ya mitihani. Halafu baada ya likizo. Nilipouliza wiki iliyopita, ikawa baada ya hafla hii. Baada ya hafla hii Mwalimu Mahlagha hatakuwapo, na walio darasani kwa Bi Laleh wataendelea kukaa wametulia kila Jumatatu saa nne, wakifundishwa na sijui nani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nawataka wafundishwe na mtu tunayemwona.

Mwalimu Mahlagha, wasichana zaidi ya elfu mbili walishuka ngazi ile na wewe, na wote walipanda wakiuliza zaidi ya walivyoshuka. Wahandisi wapo, wafumaji wapo, wawili wanagawa maji mjini Taft na hakuna anayewabishia. Umetufundisha sisi walimu kufunga midomo, kazi iliyokuwa ngumu kuliko hisabati yenyewe. Tunakushukuru kwa moyo wote. Chai yako ya zafarani isipoe, magoti yako yakusikilize, na huko nyumbani akutembelee kila mwenye swali zuri. Uishi salama, kwa raha uliyoichuma.

Imebaki kazi moja. Hafla hii tumeiweka uani kwa makusudi, hatua chache kutoka mlango wa ngazi. Bi Ezzat, mezani kwako pana beseni la maji na bakuli la shaba, ulilolitoa kabatini kwa mkono wako asubuhi ya leo. Nakuuliza mbele ya wazazi na walimu: Mehr hii kufuli linatoka na saa ya Jumatatu inarudi, ndiyo au hapana? "Tutaona" tumekwisha kuiona. Sentensi ya mwisho ya wasifu huu ikishasomwa, Tuba ataliweka bakuli majini na ua wote utanyamaza, na jibu tunalitaka kabla halijazama. Ukisikia limegonga huko chini ilhali hili la mezani bado linaelea, usigeuke kuutazama mlango. Jibu tu.