Fundi Tulia, Aliyesawazisha Magurudumu ya Pikipiki (1960–2023)

Wiki tatu kabla ya kufariki, marehemu alimwita binti yake wa pili, ndiye anayewasomea maneno haya, akamwambia: "Siku hiyo msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Someni yaliyotokea." Familia imeona itii.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Februari 1960, mtoto wa kwanza wa fundi baiskeli na muuza mkaa. Katika uzazi wa mama yake walioishi ni wawili tu, yeye na mdogo wake wa kiume aliyemfuata baada ya miaka minane. Mama alipokwenda kuuza mkaa, kitinda mimba alibaki mgongoni kwa kaka yake. Alichota maji naye, na hata golini alisimama naye kafungwa kwa kanga. Wapigaji walimwonea huruma mtoto, wakawa wanapiga pembeni, na marehemu alipenda kujisifu kwamba mwaka mzima hakufungwa.

Alianza shule mwaka 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, akapata nafasi ya sekondari. Alikuwa kidato cha pili baba yake alipofariki, Agosti 1975. Aliacha masomo wiki ileile, akarithi spana, pampu na meza ya kazi. Mdogo wake hakuacha. Alisoma mpaka mwisho kwa jasho la kaka yake, na siku matokeo yalipotoka mama yao aliwaambia majirani, "Nina mtoto mmoja wa kusoma na mmoja wa kumsomesha. Nikose nini tena?"

Pikipiki zilipozidi baiskeli mtaani, marehemu naye alihama nazo. Mwaka 1983 alipata chumba chake, chenye mlango wa bati na sakafu nyeusi kwa grisi. Mafundi wengine walibadilisha tairi, wakajaza upepo, wakasema haya, nenda. Yeye alilitoa gurudumu, akalipitisha ekseli katikati, akaliweka juu ya vyuma viwili na kulisukuma kwa kidole kimoja. Upande mzito hushuka chini wenyewe. Aliweka alama ya chaki, akafunga kipande cha risasi, yale madini mazito, kwenye spoku ya upande wa pili, akasukuma tena, hivyo hivyo mpaka gurudumu likubali kusimama popote linapoachwa. Wakati huo wote alilinong'oneza, "Tulia. Tulia basi." Jina likamganda. Hata barua za msajili wa biashara zilikuja kwa Fundi Tulia.

Mteja aliyelalamika kwamba pikipiki inatetemeka baada ya kubadilishiwa tairi hakupewa risasi papo hapo. Aliulizwa maswali kama yuko kwa daktari: inaanza mwendo gani, inazidi ukikaza mafuta au ukiachia? Kisha marehemu alipima upepo, akatikisa gurudumu kusikia kama beringi zimelegea, akatazama ule mstari wa ubavuni mwa tairi kama umekaa sawa na rimu pande zote. Uzito ulikuwa wa mwisho kushukiwa.

Mwaka 1988 alifika mkunga wa zahanati na pikipiki ya kazi. Marehemu, kwa adabu, alimuuliza, "Mtetemo unausikia mikononi, mama, au hapo… unapokalia?"

Mkunga akasema, "Fundi, mimi nazalisha watu kila siku. Usinizungukie, sema makalio."

"Haya, makalio."

"Basi ni makalio."

"Basi ni gurudumu la nyuma," alijibu marehemu, na waliokuwepo waliangua kicheko. Wiki iliyofuata mkunga alirudi. Marehemu aliikagua pikipiki nusu saa, akamwambia ni nzima. "Najua ni nzima," akasema mkunga. "Kwani kila anayekuja hapa lazima awe na kibovu?" Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989, wakajaliwa mabinti wawili.

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2009, saa tano asubuhi, mdogo wake alifika chumbani pale. Alikuwa amehitimu, akaajiriwa kusambaza dawa za zahanati kwa pikipiki. Tairi la nyuma alikuwa amebadilishiwa siku iliyotangulia, mahali pengine, kwa sababu marehemu alikuwa msibani. "Kaka, ikifika sitini inacheza kama ina wazimu," alisema. "Nifanyie haraka, nasubiriwa."

Marehemu alilipandisha gurudumu kwenye vyuma. Gurudumu la pikipiki ile kwa kawaida lilitaka risasi ya gramu ishirini, pengine thelathini likiwa sugu. Lile lilitulia kwenye gramu sabini. Beringi nzima, rimu imenyooka, mstari wa tairi uko sawa. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba tairi linalodai uzito wa namna ile lina ugonjwa ndani. Kujua zaidi ilibidi alivue, apitishe mkono tumboni mwake. Kazi ya nusu saa.

Mdogo wake alizunguka mtaa, akarudi anacheka. "Imetulia kabisa. Niachie niende."

"Risasi ni nyingi mno. Tairi hili silipendi. Ngoja nilivue."

"Kaka, kuna watu wanangoja dawa."

Marehemu aliitazama saa ya ukutani. Nje kulikuwa na wateja wanne. Akasema, "Haya. Kesho asubuhi uniletee, bila kukosa."

Tairi lilipasuka mteremko wa kuelekea darajani, saa saba kasoro. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeachana. Risasi ilizima mtetemo, yaani ilizima kelele pekee ambayo ingemfanya mpanda pikipiki apunguze mwendo. Mdogo wake alifariki hapohapo, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Jioni ile marehemu alipiga magoti mbele ya mama yake, akamweleza yote, hadi zile gramu sabini. Hakuna aliyemlazimisha. Shemeji yake, mjane, alimwinua akamwambia, "Shemeji, ulimwambia airudishe." Akajibu, "Nilimwambia kesho." Mama yao alinyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu siku ile hakumsemesha. Marehemu alimpelekea chakula kila Jumapili kwa miaka kumi na minne. Sahani zilirudi tupu na zimeoshwa, bila neno.

Kazini hakupoa, alizidi ukali. Tairi lililomtia shaka alilikata kwa kisu mbele ya mwenyewe. Kwa hilo aligombana, akapigwa mara mbili, na wateja wakahamia ng'ambo ya barabara walikokuwa wanahudumiwa kwa dakika kumi. Sisi wanawe tulidhani miaka ingemponya. Haikumponya, na hatutasema ilimponya.

Januari 2021 miguu ilianza kuvimba. Hospitali ilipotoa majibu ya figo, mke wake aliisoma karatasi na hakumficha: "Hii haiponi, baba watoto." Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mei mwaka huu mwili ulikataa.

Akiwa wodini aliomba kumwona mama yake. Binti yake wa pili alikwenda kumwita, akaongea na mlango uliofungwa. Sauti ikatoka ndani: "Mwambie nimesikia."

Marehemu aliletewa jibu hilo. "Kasema nimesikia tu?"

"Tu, baba."

Aliuliza tena kesho yake, kama maneno mengine huenda yalisahaulika njiani. Hakukuwa na mengine. Alifariki Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, mke wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, ambaye sasa hivi yuko chumbani kwake, mlango umefungwa. Ameacha pia mke, mabinti wawili, wajukuu watatu, shemeji yake mjane na binti wa mdogo wake, ambao tangu 2009 wamekula meza moja nasi.

Mungu ampe amani ambayo sisi, damu yake, hatukuwa nayo ya kumpa.