Duara Jekundu Kichwani kwa Bonfils

TELESPHORY: Haloo? Nani mwenzangu?

MWANAKOMBO: Asalaam aleikum. Nyie ndio wenye ukurasa wa habari? Mmeandika hapo chini, "Una tukio? Tupigie." Basi mimi nina tukio.

TELESPHORY: Wa aleikum salaam, dada. Telesphory hapa, mwandishi. Tukio la wapi?

MWANAKOMBO: Ujiji. Bwana harusi katekwa na vijana wenye mapanga.

TELESPHORY: Aa, hiyo tumesharusha, dada, tangu jana. Inatembea hatari, mpaka Dar wana—

MWANAKOMBO: Naijua inavyotembea. Mimi ndiye bibi harusi.



TELESPHORY: Pole sana, dada. Mumeo kapatikana?

MWANAKOMBO: [anacheka] Chande? Yuko nyumbani anamalizia sambusa za harusi.

TELESPHORY: Wamemwachia?

MWANAKOMBO: Saa ile ile, tulipotoa kreti mbili za soda. Kaka, wale ni binamu zake. Watani. Kwenu binamu hawazuii gari la harusi?

TELESPHORY: Kwetu Kalinzi wana— [mtandao unakwaruza] —zuia.

MWANAKOMBO: Sema tena, na kwa sauti. Nipo kituo cha polisi, uko kwenye spika.

TELESPHORY: Polisi? Dada, mbona—

MWANAKOMBO: Bonfils kawekwa ndani kwa habari yako. Yule mliyemchorea duara jekundu kichwani kwenye video, mtoto wa shangazi yake Chande. Afande anataka akusikie mwenyewe. Mimi hapa ndoa ina siku tatu, nimetoka ndani na hina yangu, mama mkwe kazimia mara mbili. [anacheka] Ya pili alikuwa anajifanya.

TELESPHORY: Shikamoo, afande.

MWANAKOMBO: Anasema marahaba, endelea. Kwenu wanazuia?

TELESPHORY: Wanazuia. Mwaka jana mimi mwenyewe nilizuia gari la binamu yangu kwa gogo.

MWANAKOMBO: [anacheka sana] Afande anauliza, gogo kubwa?

TELESPHORY: La wastani. Lakini hawa walikuwa na panga, afande.

MWANAKOMBO: Panga la jikoni kwetu, limefungwa utepe wa waridi. Umeufunika kwa maandishi yako.

TELESPHORY: Video nilitumiwa tu, haikuwa na—

MWANAKOMBO: Ilikuwa na sauti. Ninayo. Bonfils anapayuka, "Soda, au bwana harusi analala kwetu." Nyie mkaitoa, mkaweka muziki wa kutisha watu.

TELESPHORY: Muziki ni wa mhariri.

MWANAKOMBO: Na "genge hatari la vijana"?

TELESPHORY: Hilo... hilo langu.

MWANAKOMBO: Na "anayedhaniwa kutoka ng'ambo ya mpaka"?

[Mtandao unakwaruza.]

MWANAKOMBO: Haloo?

TELESPHORY: Nipo, dada.

MWANAKOMBO: Uliuliza mtu yeyote?

TELESPHORY: Sikuuliza. Siku hizi kijana akishika panga hatuulizi, tukichelewa dakika tano wenzetu wanairusha.

MWANAKOMBO: Asubuhi kijiwe cha bodaboda walimtambua. Walishaanza kuokota mawe, kaka. Huyu afande ndiye aliyemwahi.

TELESPHORY: Mungu wangu. Naifuta sasa hivi.

MWANAKOMBO: Usifute, walioiona wamebaki nayo. Weka nzima, na sauti yake, na utepe wetu.

TELESPHORY: Nitaweka. Na duara naliondoa. Afande, nimekosa.

MWANAKOMBO: Afande hata hayupo, kafuata funguo. [sauti za mbali, vigelegele] Huyo, huyo katoka. Wee Bonfils, njoo, usinikumbatie, mie bibi harusi. Acha basi. [anacheka, kisha anavuta kamasi] Jamani, nimefurahi mie.

TELESPHORY: Dada, nakuja na kamera. Naomba nimhoji.

MWANAKOMBO: Ngoja nimuulize. Anakubali, ila anasema, safari hii utamwita nani?

TELESPHORY: Bonfils. Binamu wa bwana harusi.

MWANAKOMBO: Anasema ongeza, mzaliwa wa Ujiji. Andika upesi, salio langu lina—

[Simu inakatika.]