Kibao cha Masizi

Mniwie radhi mapema. Kisa hiki nitakisimulia vibaya, kwanza kwa sababu sijui kupika bila kuzidisha chumvi, pili kwa sababu mnanitazama shavu. Acheni shavu langu. Tutalifikia. Tuanzie kwenye benchi letu, ubao uliolazwa juu ya matofali nje ya chumba cha kinyozi, na Mama Birika kivulini na jiko lake, anauza kahawa na hasira kidogo. Breki ni dereva mstaafu wa malori. Anaitwa hivyo kwa sababu kazini hakupenda kuzigusa. Profesa hutengeneza simu, na kila sentensi yake huanza na "kimsingi", hata akiomba sukari. Mimi wananiita Spika, mkinisikiliza mtajua kwa nini. Na Masizi ndiye kinyozi. Jina hilo nilimpa mimi, siku alipohamia mtaani, kwa vile ni mweusi kama tako la sufuria. Watu walicheka, jina likaganda. Mimi nikitoa jina halibanduki hata kwa maji ya moto.

Miaka yote hiyo Masizi alinyolea chini ya turubai, kwenye ukuta wa mtu. Sasa amepata chumba chake, chenye mlango na kioo kizima. Akaja benchini na taulo begani, uso kama wa bwana harusi aliyesahau pete.

Masizi: Jamani, fundi wa rangi yuko njiani, anakuja kuandika juu ya mlango. Binti yangu wa chuo amenipigia simu, anataka niandike "Masizi".

Breki: Kwani ulitaka kuandika nini?

Masizi: Mama yake hataki. Anasema yeye hakuolewa na masizi, aliolewa na mtu.

Mama Birika: Ana haki yake.

Masizi: Lakini binti anasoma fasihi. Anasema enzi za ukoloni walikuwapo vijana weusi, wengine kutoka Afrika, wengine kutoka visiwa vya mbali ambako mababu zao waliuzwa utumwani. Wakakutana huko huko kwa mkoloni, kwenye mji wake mkuu, masomoni. Wakitembea wanatukanwa weusi wao. Basi wakaanzisha magazeti, wakaandika mashairi, na lile tusi wakaliokota, wakalifuta vumbi, wakalifanya jina lao. Na Marekani weusi wenzao walikuwa wanaandika na kupiga tarumbeta, wakawa wanasomana. Mkoloni akitukana, hawashtuki tena.

Profesa: Kimsingi hilo nalijua. Lililetwa na baridi.

Masizi: Baridi?

Profesa: Mtu wa jua ukimweka kwenye baridi, anakumbuka kwao. Akikumbuka kwao, anaandika. Kimsingi mkoloni angewagawia makoti mazito, mpaka leo tungekuwa chini yake.

Breki: Si baridi. Alikosea kuegesha.

Profesa: Kuegesha nini?

Breki: Watu. Huwezi kuwachukua wote uliowatukana, huyu wa kisiwani, huyu wa bara, ukawaweka mtaa mmoja. Kila mmoja alidhani katukanwa peke yake. Wakaanza kulinganisha. Malori mabovu huyaegeshi yote kwenye mteremko mmoja. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Profesa: Samaki kaingiaje hapo?

Breki: Methali haiulizwi imeingiaje. Inaingia.

Hapo nikaona naachwa nyuma, na mimi kwenye uongo sikuzaliwa niachwe nyuma. Nikakohoa.

Mimi: Wote mmekosa. Kilichomng'oa mkoloni ni kamusi. Wale vijana walikijua Kizungu chake kuliko yeye. Wakaandika mashairi magumu, wakampelekea gavana. Gavana kaona aibu kuuliza, kajifungia ofisini na kamusi. Anafika ubeti wa tatu, anachungulia dirishani, bendera imeshashushwa.

Breki: Hilo kweli. Mjomba wangu alikuwa baharia, ndiye aliyewapelekea wino.

Profesa: Mjomba wako si ulisema alikuwa mpishi?

Breki: Na huo wino unafikiri ulipikwa na nani?

Mama Birika akagonga birika kwa kijiko.

Mama Birika: Na waliofungwa? Na waliokufa na bunduki mkononi, nao walisomewa shairi? Babu yangu alirudi bila mkono wa kulia, ninyi mnaniletea makoti na wino.

Kila mtu akachungulia kikombe chake.

Masizi: Hata binti amelisema hilo, mama. Walikuwapo wa kalamu, walikuwapo wa bunduki, na wapo walioshika vyote viwili. Lakini anasema mtu akiambiwa kila siku kwamba uso wake ni kosa, hata fimbo haimkai mkononi. Ilibidi kwanza wapatane na kioo.

Mama Birika: Huyo mtoto umemlea.

Akamjazia kikombe bila kuombwa. Masizi hakukigusa.

Masizi: Sasa mimi swali langu dogo tu. Ninyi mkiniita Masizi, huwa mnamaanisha nini?

Wallahi sikulitegemea. Miaka yote namwita, na yeye anaitika, nikadhani tumeelewana.

Mimi: Utani, kaka. Ni mapenzi hayo. Asiyekupenda hana muda wa kukupa jina.

Profesa: Kimsingi ni heshima. Masizi yako chini ya sufuria, sufuria nzima imeyakalia. Maana yake wewe ndiye msingi.

Breki: Na moto ukiwaka, wa kwanza kuuona ni masizi. Wewe shujaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Profesa: Kibaba tena?

Breki: Nyamaza, nafariji mtu.

Masizi hakucheka. Alikuwa anakunja taulo lake, analikunjua, analikunja tena. Ndipo akatokea fundi wa rangi, mwanamama mwenye ngazi begani na kopo kidoleni, ovaroli lake lina doa la kila duka la mtaani.

Fundi: Habari zenu. Naandika wapi?

Breki: Juu ya mlango ule, kwa Masizi.

Fundi: Mwenye duka anaitwa nani?

Mimi: Masizi.

Fundi: Hilo la kijiweni. Nauliza jina lake.

Nikafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu niachishwe ziwa, hakikutoka kitu. Nikamtazama Profesa. Profesa akamtazama Breki. Breki akatazama barabarani kama anayesubiri mzigo.

Fundi: Si huwa mnakaa naye hapa?

Profesa: Kimsingi, miaka mingi.

Fundi: Basi?

Breki: Linaanzia na M.

Masizi: Halianzii na M.

Mama Birika: Sukari yake naijua. Jina silijui.

Alilisema taratibu, kama aliyekuta nzi ndani ya birika. Fundi akaweka kopo chini, akamwendea Masizi mwenyewe, akamwuliza. Masizi akainama, akamnong'oneza sikioni.

Fundi: Jina zuri hilo.

Masizi: Shukrani, dada. Sasa andika MASIZI, herufi kubwa zionekane mpaka stendi. Wale washairi wa binti yangu hawakusubiri mtu awachagulie, walijichagulia. Leo na mimi nimejiita. Halafu chini yake andika "Mwenyewe ni", uache wazi.

Fundi: Wazi mpaka lini?

Masizi: Mpaka hawa wajue cha kujaza.

Mimi: Na shemeji je? Si alikataa?

Masizi: Shemeji yako analijua. Yeye hahitaji kibao.

Kahawa ikaisha. Au Mama Birika alisema imeisha, hatukubishana.

Leo asubuhi nikaenda kunyolewa ndevu, nikijifanya hakuna kilichotokea. Nikapita chini ya kibao, rangi bado mbichi, na pengo lake linanitazama kama jino lililong'oka. Akanifunga kitambaa, akanipaka povu, akaninyoa shavu la kulia likawa kama yai. Kisha akasimama, wembe hewani.

Masizi: Spika, jina langu nani?

Nikabahatisha. Nikataja ya manabii, nikataja ya wachezaji mpira, nikaishia kwenye ya wajukuu wa Breki. Yeye anatikisa kichwa tu. Mwisho akanifungua kitambaa.

Masizi: Karibu tena, kaka. Shavu la pili litakungoja.

Nimezunguka nalo mtaa mzima. Nimemwuliza mwenye nyumba wake, nimemwuliza muuza maji, nimemwuliza Profesa, akasema kimsingi hapana. Nikarudi nyumbani. Mke wangu akalitazama shavu moja, akalitazama la pili, nikamweleza yote.

— Baba watoto, — akaniambia, — na yeye mwenyewe umemwuliza?

Nikaganda mlangoni. Asubuhi mtu alikuwa mbele yangu, pua kwa pua, na jibu kinywani mwake, nami nikamtajia orodha ya manabii. Mimi huyo, mgawa majina wa mtaa.

Basi ndiyo nimetoka, nakwenda kumwuliza. Nimepitia tu hapa kwanza, niwasimulie.