Sauti ya Dada wa Simu Irudi Tanurini

Mgeni rasmi, daktari mkuu wa akina mama, pamoja na ulioongozana nao: karibuni kiwandani kwetu. Mtuwie radhi kwa viatu vyenu. Vumbi la matofali halijui cheo cha mtu.

TULIVYOANZA

Sisi ni akina baba tunaofyatua na kuchoma matofali. Wengi wetu hatujui kusoma. Wake zetu wakirudi na vipeperushi vya kliniki, tulitazama picha, tukavikunja. Ndipo ikaja namba ya bure: unapiga, unabonyeza moja, dada mmoja anakueleza mimba ya mkeo.

Tuliiweka simu juu ya matofali, tukasikiliza wakati wa chai. "Mambo ya wanawake hayo," alisema Kipara, mpakiaji wetu. Dada akasema, "Baba, usikate simu." Kipara akanywea.

TULICHOVUNA

Kipara huyohuyo, mkewe aliamka kichwa kinamuuma, uso umevimba, macho yanaona ukungu. Mama mkwe akasema ni uchovu tu. Kipara akamjibu, "Nisamehe mama, dada wa simu kasema tusisubiri." Akampakia kwenye lori la matofali hadi hospitali. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Leo binti yao anatambaa. Tunamwita Bonyeza Moja.

YALIYOTUFIKA

Mradi ulioileta namba ile ukaisha, namba ikazimwa. Hata kuagana hatukuagana.

Baadaye mke wa Mpole, mchomaji wetu, alijifungulia nyumbani. Mtoto alilia vizuri, lakini damu ya mama haikukatika. Majirani wakasema ndivyo wazazi walivyo. Mpole akapiga namba ile. Haipatikani. Akapiga tena, akidhani amekosea kubonyeza. Alipomfikisha hospitali, mkewe alikuwa ameshatutoka.

Mpaka leo anaipiga. Tulimwambia, "Ndugu yetu, namba hiyo imekufa." Akajibu, "Najua. Lakini akipokea, nataka kumwuliza nilitakiwa nifanye nini."

OMBI LETU

Hatukuombi jengo. Tunaomba sauti ile irudi, na itufundishe pia mambo ya baada ya kujifungua. Huko hatukuwa tumefika.

Mgeni rasmi, leo asubuhi dereva wetu alikuja kutuuliza: mtoto asipocheza tumboni tangu jana, ni kawaida? Hakuna aliyejua. Tukamwambia ampeleke mkewe hospitali tu. Wako kwako hospitalini sasa hivi, nasi tunakusomea haya masikio yakiwa barabarani.

Mungu akujalie safari njema, na kila mama anayeingia mlangoni kwako atoke na mwanawe mikononi.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Baba wa Tanurini.