Mimi Ningepitiliza

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo niliwasikia vizuri wanawake wawili waliokaa mbele yangu. Mmoja alikuwa muuguzi aliyetoka zamu, mwingine fundi cherehani, futi yake ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Hawakuwa wakifahamiana. Walikutanishwa na katuni ya Kijapani ya upelelezi ambayo fundi alikuwa akiitazama kwenye simu.

"Hiyo nimeimaliza, dada," muuguzi alisema. "Wahusika wamekolea, kila mtu na vituko vyake. Ila kisa chenyewe kimepwaya."

"Kimepwaya wapi? Hebu ona makoti yanavyowakaa!" Fundi angemsamehe hata muuaji, mradi pindo lake limenyooka.

"Yule msichana anajua kabisa anafuatwa, halafu anashuka kituo chake cha kila siku. Nani anafanya hivyo? Mimi ningepitiliza."

"Upitilize uende wapi, mwenzangu? Mtu akiogopa anakimbilia kwake."

"Ndiyo anamwonyesha anayemfuata mlango wake!" Sauti ya muuguzi ilipanda, kisha akaishusha ghafla. "Usigeuke. Yule wa kofia kule nyuma, jana nilipanda naye. Na juzi."

Fundi alizima simu. "Unashuka wapi?"

"Sokoni."

Mimi nisiyetazama katuni nilijikuta nimeshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Sokoni wapo?" konda aliita.

Muuguzi alikumbatia mkoba wake.

"Wapo," ilijibu sauti ya kiume nyuma yetu.

Basi likasimama. Mwenye kofia aliinuka, akaona muuguzi hajainuka, akaketi tena.