Vitamini za Kocha

Kwenye basi la kwenda uwanjani, mbele yangu, binti mkimbiaji alikuwa akigeuzageuza vidonge kiganjani. "Kocha anasema ni vitamini tu, mama."

"Hata wangu alisema hivyohivyo," akajibu mama asiyemjua aliyeketi kando yake, kwa sauti nzito kama ya mwanamume. Makocha huja na kuondoka, uongo wanarithishana. "Nilivimeza. Medali ninayo, mwanangu. Sauti yangu ya kike haikurudi. Nikimbembeleza mjukuu, anageuka kutafuta babu aliko."

Binti akacheka, kisha akavitazama tena vidonge. "Nisipomeza, wenzangu wataniacha mbali."

"Watakuacha. Sikudanganyi."

"Huyo mjukuu huwa unamwimbia nini?"

Mama akaimba polepole, kwa besi yake ileile. Basi likasimama. Binti akashuka, vidonge bado kiganjani, akiuimba ule wimbo chini kwa chini.