Ukurasa Niliotaka Kuunywa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni Rakeli, bibi yenu wa Mchukwi. Kusoma nilisoma miezi minne tu, kwa Mwalimu Elia wa misheni, zamani za Mwingereza, kwa hiyo mnisamehe mkikuta herufi zangu zimeinama. Nataka kusema jinsi Mungu alivyonifungua kwa ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe nilikuwa nimeuharibu kwa mkono wangu.

Nimezaliwa Mtunda, nikaitwa Hadija. Kwetu sote Waislamu. Mtoto akishikwa na homa, baba alimwita Mwalimu Mbwana wa chuo cha Kurani. Alikuja na sahani nyeupe na zafarani, akaandika aya, akaziosha kwa maji, mtoto akanywa. Hilo ndilo kombe, nami nimelinywa sana. Nilipoolewa na Petro nikabatizwa, jina lilibadilika, lakini maandiko niliendelea kuyatumia vile vile. Injili yangu niliilaza chini ya mto. Kichwa kikiuma, naiweka kichwani. Kuisoma? Jumapili, kurasa mbili, mbio mbio, ili Mwalimu Elia akiuliza nani kasoma niinue mkono.

Sasa, ndugu zangu, nilikuwa na dada, Mwanaidi, tumbo moja, tumebaki wawili tu. Tulilima mpunga pamoja bondeni. Mpunga ukianza kukomaa mtu hukaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, anaamia ndege kutwa kwa kupiga debe na kurusha udongo. Mwaka niliobatizwa ndege waliumaliza. Kilichobaki hakikujaza nyungo mbili. Mimi nikasema mbele za watu kwamba Mwanaidi alilala. Akanijibu, "Haya," basi. Hatukusemezana misimu mitatu. Mwanawe Shabani aliingia jandoni, sikuitwa. Nikazaa mtoto wangu wa kwanza, hakuja.

Hapo nikaanza kuumwa. Chakula hakipiti, kifua kimebana kama nimefungwa kamba. Dawa ya hospitali nilikunywa, wapi! Jumamosi moja nikajiambia, Neno ni dawa, basi nilinywe. Petro alipokwenda shambani nikachana ukurasa wa Injili nikautia kwenye bakuli la maji. Nikangoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikasugua kwa kidole. Ndugu zangu, wino wa kiwandani hautoki! Maji meupe vile vile, na herufi zote zinanitazama.

Nikaogopa. Nikautandaza ukurasa juu ya ungo, juani, nikakaa kando kufukuza kuku. Nia yangu ukauke, niubandike kwa uji kabla Petro hajarudi. Lakini nilitaka kuhakikisha hakuna neno lililofutika, kwa hiyo nikaupitia herufi kwa herufi, kidole chini. Sikuwahi kusoma polepole vile.

Nikafika pale Bwana anaposema habari ya mtu aliyepeleka sadaka yake, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache, aende kwanza wapatane. Nikarudi nyuma. Siku zote nilidhani anasema na mtu aliyekosewa, mtu kama mimi. Sivyo! Anasema na aliyekosa. Nikajiuliza, Mwanaidi ana neno gani juu yangu? Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelikalia miaka mitatu.

Nilikuwa nimemwambia, "Dada, nakwenda kubatizwa, siku ya tatu narudi nikupokee zamu ya ndege." Kulikuwa na nyimbo, na wali, na gauni jeupe. Nilirudi siku ya saba. Yeye alikuwa peke yake juu ya dungu, na Shabani ana surua. Alilala, ndiyo. Nani asingelala?

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Nikafika kanisani na kikapu cha mchele, nikakiweka mlangoni, nikageuka.

"Mama, ibada inaanza!" Mwalimu Elia akaniita.

"Nitarudi, mwalimu. Kwanza Mtunda."

Nikamkuta Mwanaidi anatwanga. Hakuuacha mchi.

"Hadija," akasema, "au siku hizi nikuite nani?"

"Niite utakavyo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuamia ndege? Wamekwisha kula, wamekwenda zao."

Nikapiga magoti pale kwenye pumba. Nikamwambia, nilisema siku tatu nikakaa saba, kisha nikakutangaza wewe. Akaendelea kutwanga. Nikadhani hanitaki.

"Siku ya nne nilikuwa natazama njia," akasema. "Ya tano vile vile. Ya sita sauti ilikuwa imenikauka, napiga debe tu." Kisha akanisukumia mchi wa pili. "Twanga. Mikono imekuwa laini huko kwenu."

Tukatwanga mpaka mpunga ukaisha. Nikala kwake wali na samaki, ukapita, kifua hakikubana tena. Asante Yesu!

Mwanaidi hakubatizwa. Alikufa Mwislamu, nami nilikaa matanga yake mpaka mwisho. Mimi sikuja kumshuhudia yeye. Nimekuja kujishuhudia mwenyewe, kwamba Neno lilinikuta.

Ndugu zangu, msisome ili muinue mkono. Weka kidole, nenda polepole, na likikugusa usimtafute mwenzako wa kumpa. Mwamini aliyelisema, inuka uende. Sadaka itangoja. Kikapu changu nilikikuta pale pale mlangoni, kuku wa Mwalimu Elia wameonja kidogo. Na ukurasa ninao hadi leo. Ulivimba kwa yale maji, hauketi sawa na wenzake, kwa hiyo Injili yangu kila nikiifungua hufunguka hapo.